Bi Harusi wa Duka la Shemeji

Siku chuo kilipobandika tangazo getini, watu wengi walilisoma wakashika kichwa. Kamusi alilisoma akashika mbavu.

Lilikuwa tangazo la mistari minne. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aje na kompyuta mpakato yake mwenyewe ifikapo Jumatatu, siku kumi kuanzia leo. Asiyekuwa nayo hatasajiliwa. Chini palikuwa na muhuri, na juu ya muhuri sahihi ya mtu aliyekuwa na haraka zake.

Kamusi aliwatazama wazazi waliojazana pale. Baba mmoja alisoma mara tatu, kana kwamba mara ya nne mistari ingemwonea huruma. Mama mwingine alimuuliza mwanawe, "Hiyo mpakato ndiyo ile ya kuweka mapajani au ile ya mezani?" Mwanawe akasema ndiyo hiyohiyo, bila kufafanua ipi.

"Mamia ya watu," Kamusi alijisemea, "siku kumi, na hakuna anayejua anachokitafuta. Mungu akupe nini tena, akupe na gunia la kubebea?"

Bwana huyu aliitwa Kamusi kwa sababu hapakuwa na neno lililowahi kumkosa. Aliwahi kuuza viwanja vizuri sana ambavyo kiangazi vilionekana na masika vilikuwa mto. Aliwahi kuuza dawa ya kuotesha nywele akiwa na kipara chake kinang'aa, na mteja akimnyooshea kidole, alijibu kwa upole, "Ndugu yangu, mimi ni ile picha ya kabla ya dawa." Kuhusu kompyuta alijua mambo mawili: namna ya kuifungua na namna ya kuifunga. Lakini alikuwa na shemeji.

Shemeji huyu, mume wa dada yake mkubwa, alikuwa fundi. Duka lake lilikuwa mtaa wa nyuma ya chuo: mlango mmoja, kaunta moja, pazia la kijani, na nyuma ya pazia chumba chenye harufu ya lehemu na vumbi la moto. Alikuwa mtu wa mikono, si wa mdomo. Wiki chache nyuma alikuwa amenunua kwa bei ya kutupa laptopu kumi na moja za ofisi iliyofungwa. Zote zilikuwa za rangi ya fedha, zote zilifanana kama mapacha, na zote zilikuwa zimechoka kama walinzi wa zamu mbili.

"Hizi nitazivunja niuze vipuri," alisema Shemeji.

"Uvunje?" Kamusi alishika moyo. "Shemeji, hizi ni wanafunzi. Zinataka kwenda chuo."

Mpango ulikamilika kabla chai haijapoa. Mashine zingesuguliwa, zingebadilishwa vitufe na kubandikwa stika mpya. Kisha Shemeji angezifundisha kusema uongo: mashine ikiulizwa ina kumbukumbu kiasi gani, ingejibu kwenye kioo, bila aibu, mara nne ya ukweli.

Lakini mteja hanunui stika, hununua alichokijaribu kwa vidole vyake. Hapo ndipo alipoingia Bi Harusi.

Bi Harusi ilikuwa laptopu ya Dada. Dada alikuwa mchora ramani za nyumba, na mashine yake ilikuwa ya kampuni ileile na rangi ileile na zile kumi na moja, ila ya toleo jipya, nyepesi, yenye kasi ya umeme. Wiki hiyo alikuwa safarini akipima viwanja, na kabla ya kuondoka mumewe alimwambia aiache dukani "ipoozwe feni." Dada akamwamini. Ndoa yao ilikuwa ya miaka kumi na miwili, na hadi hapo ilikuwa haijamlazimu kuuliza feni hupoozwa vipi.

Basi kila mteja angeonyeshwa Bi Harusi, aiguse, aisifu, akubali. Kisha Kamusi angeipeleka nyuma ya pazia "kuwekewa programu za chuo," na dakika kumi baadaye angetoka na mkoba uliofungwa zipu, ndani yake mmoja wa wale mapacha kumi na mmoja. Wote wangemposa Bi Harusi, asingeolewa na yeyote.

Jumatatu asubuhi meza iliwekwa nje ya duka, ikatandikwa kitambaa cheupe. Juu yake kibao: USHAURI WA BURE. CHAGUA KOMPYUTA YA CHUO BILA KUTAPELIWA. Kamusi alikaa nyuma ya kibao hicho akiwa na shati jeupe, kalamu mbili mfukoni na uso wa mtu aliyewahi kutapeliwa akaumia sana.

Kazi ilienda vizuri kupita matarajio. Siku ya pili alifika muuza nyama wa sokoni, mtu mwenye kifua kama mlango, akiongozana na binti yake mwembamba aliyebeba barua ya chuo ndani ya plastiki.

"Nataka ya bei rahisi," alisema muuza nyama, "lakini isiwe rahisi."

"Mzee, umesema neno," alijibu Kamusi. "Binti anakwenda kusomea nini?"

"Upimaji wa ardhi," alisema binti. "Nahitaji kumbukumbu ya kutosha, na betri inayokaa. Hosteli umeme unakatika. Na diski iwe ya kisasa, siyo ile ya kuzunguka."

Kamusi alimtazama kwa macho mapya. Mteja anayejua ni sawa na mchele wenye mawe: unalika, ila polepole. Akamgeukia baba.

"Mzee, binti yako ana akili. Lakini akili za vitabuni. Nikuulize wewe mtu wa kazi: ng'ombe unamnunua kwa kusoma karatasi yake?"

"Namshika," alisema muuza nyama. "Namshika hapa na hapa."

"Basi shika."

Akaileta Bi Harusi. Muuza nyama aliibonyeza pembeni, akaipima uzito kwenye kiganja, akaigonga mgongo kwa ukucha na kusikiliza. Binti aliifungua, akaandika, akavuta michoro, na uso ukamchanua.

"Baba, hii ni nzuri."

"Nzuri, nzuri! Usiseme nzuri mbele ya muuzaji!" Baba alimkaripia, kisha akamgeukia Kamusi. "Punguza."

Walivutana robo saa. Kamusi alilia, akamtaja marehemu mama yake, akasema akipunguza tena atalala njaa, kisha akapunguza. Muuza nyama aliondoka akiwa amejaa kama puto. Amemkamua mjanja wa mjini! Aliubeba mkoba kifuani mwenyewe, wala hakukubali binti aufungue njiani, kwa sababu Kamusi alikuwa amemwonya kwamba betri mpya haipendi kuona jua kabla haijachajiwa saa nane.

"Yule binti alitutazama vibaya," alisema Shemeji kutoka nyuma ya pazia.

"Binti hatazami, binti anatazamiwa. Baba yake ndiye mwenye mfuko. Tena ukimwambia muuza nyama ametapeliwa, atakupiga wewe uliyemwambia."

Hadi Alhamisi mapacha wanane walikuwa wameondoka. Mpango ulikuwa Jumamosi wafunge duka "kwa ukarabati" na kulifungua baada ya watu kusahau. Kamusi alikuwa ameanza kupata uchungu wa wasanii, ule wa kuona kazi nzuri inakaribia kwisha, ndipo alipokuja Mama Miwani.

Hatukupewa jina lake, na Kamusi ndiye aliyempachika hilo. Alikuwa mama wa makamo, mnene kidogo, viatu vya raba, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Alisoma kibao chote, akavaa miwani, akakisoma tena.

"Mwanangu, huu ushauri ni bure kweli?"

"Bure kabisa, mama."

"Basi nishauri. Mimi ni mkunga mstaafu. Tuna kikundi chetu cha wauguzi wastaafu. Sasa watoto na wajukuu wetu, hao wa mwaka huu tu, wamefika thelathini. Tumeambiwa tununue pamoja, sehemu moja, tupate nafuu."

Kamusi alisikia neno "thelathini" likimshuka mgongoni kama maji ya uvuguvugu.

"Mama," alisema, akimvutia kiti, "kaa."

Alipewa chai. Alionyeshwa Bi Harusi. Aliuliza maswali mengi: ikianguka je, mtoto akiimwagia maji je, hiki kipanya cha taa nyekundu kinang'ata? Kamusi alijibu yote. Kitu kimoja tu kilikuwa cha ajabu kidogo, naye akakiona bila kukijali: muda wote mama yule aliacha mkono wake wa kushoto umelala juu ya mashine, kama mtu anayemshika mtoto asiyemfahamu bado.

"Mimi nimeipenda," alisema mwishowe. "Lakini mimi si kamati. Kwenye kamati kuna mpwa wa mwenyekiti, fundi wa hizi kompyuta, kijana mbishi huyo! Kasema nimpelekee moja, aifungue kwa bisibisi, aone utumbo. Akisema ndiyo, kesho Ijumaa saa sita tunakuja na pesa ya zote."

"Aifungue?" alisema Kamusi.

"Mpaka skrubu ya mwisho. Moja nailipia sasa hivi. Sitaki mtu aseme mkunga kaomba bure."

Kamusi aliomba radhi, akaichukua Bi Harusi "ifutwe vumbi," akaenda nayo nyuma ya pazia. Shemeji alikuwa amesikia yote, na alikuwa akitikisa kichwa tangu kwenye neno "bisibisi".

"Hapana," alinong'ona. "Pacha akifunguliwa, hata mtoto wa chekechea atajua."

"Ndiyo maana hatumpi pacha."

Shemeji alielewa, akakaa kwenye ndoo. "Ni ya mke wangu!"

"Mkeo anarudi kesho jioni. Kesho saa sita mama huyu anarudi na pesa ya thelathini mkononi. Tunaichukua sampuli 'tuiwekee programu', tunampa pacha, Bi Harusi anarudi nyumbani bikira. Mashine nyingine tutazipata kwa mwenye ghala mmoja ninayemjua, zipo kama mchanga."

"Na kazi zake za humo ndani? Michoro ya watu?"

"Ifiche. Wewe si fundi?"

Shemeji alihamisha michoro ya mkewe kwenye kona ya ndani kabisa ya mashine. Kamusi alitoka na Bi Harusi mwenyewe, kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Niandikie risiti," alisema Mama Miwani. "Kamati yetu inapenda karatasi."

Hapo ndipo maneno yalipomponza Kamusi. Angeweza kuandika "laptopu moja, imelipiwa," akanyamaza. Lakini mtu mwenye kipaji hawezi kuona karatasi tupu akaiacha. Aliandika kwamba mashine hii, yenye namba hii, imeuzwa na kulipiwa kikamilifu, ni mali halali ya mnunuzi na warithi wake, haina mdai, haina dosari, na duka linaitetea dhidi ya mtu yeyote atakayeidai leo au siku zijazo. Akaipiga muhuri. Akaitia sahihi yenye mkia.

"Umeandika vizuri," alisema Mama Miwani, akaikunja na kuitia kwenye sidiria. "Mungu akulipe kila unachostahili."

"Amina," alisema Kamusi.

Ijumaa saa sita ilifika peke yake. Saa saba ikaja, nayo haikuja na mtu. Kamusi alipiga namba ya simu aliyoachiwa na Mama Miwani, akajibiwa na mtu wa bohari ya mbao. Saa nane Shemeji alikuwa amekaa tena kwenye ndoo, safari hii bila kuambiwa lolote. Saa tisa simu yake ililia. Dada.

"Nimefika nyumbani. Njoo na mashine yangu, kuna ramani ya mteja natakiwa kuimalizia leo."

Shemeji alisema "sawa mke wangu" kwa sauti ya panya, akakata.

"Nenda hospitali," Kamusi alimwamuru, "ukaulizie kikundi cha wakunga wastaafu. Mimi naenda kumtuliza dada. Uongo ni kama pasi, fanya kazi ukiwa bado wa moto."

Njiani aliutunga. Kufikia mlango wa dada yake ulikuwa umekamilika, una mwanzo, kati na majeraha. Alijipaka vumbi shati, akachomoa kifungo kimoja, akaingia akichechemea.

Dada alikuwa mezani, karatasi za vipimo zimetandazwa mbele yake, kalamu sikioni. Alikuwa mwanamke mtulivu. Watu waliomfahamu waliogopa utulivu wake kuliko kelele za wengine.

"Pole na safari, dada."

"Nimeshapoa. Mguu una nini?"

"Dada, ngoja nikae. Sijui nianzie wapi." Akakaa, akafuta jasho ambalo, kwa kweli, lilikuwa la haki. "Tulivamiwa."

"Mungu wangu. Lini?"

"Jana. Mchana kweupe! Wamevaa kofia, wamefunika nyuso. Mmoja ana panga, mmoja ana nondo. Wanasema, 'Toeni kila kitu!' Mimi nikawaambia, chukueni kila kitu, ila ile ya rangi ya fedha pale juu ni ya dada yangu, na mtaichukua juu ya maiti yangu."

"Ulisema hivyo?"

"Kwa maneno hayohayo. Nikaikumbatia, dada. Wakanipiga mguu. Nikaikumbatia tena. Ndipo yule mkubwa wao, jitu, kifua kama kabati, akaninyanyua na kiti chote!"

"Pole sana, mdogo wangu." Dada alichukua kalamu sikioni, kama mtu anayetaka kuandika taarifa. "Walikuwa wangapi jumla?"

"Watatu. Wanne, ukimhesabu wa kwenye pikipiki."

Mlango wa jikoni ulifunguka. Akatoka Mama Miwani, kikombe cha chai mkononi, raba zake miguuni.

"Nilikuwa peke yangu," alisema. "Na nilikuja kwa miguu."

Kamusi, ambaye hapakuwa na neno lililowahi kumkosa, alifungua mdomo. Walisubiri. Akaufunga.

Nyuma ya mama yule alisimama binti mwembamba wa muuza nyama, Bi Harusi ikiwa kifuani pake.

"Huyu ni mtoto wa kaka yangu," alisema Mama Miwani, akivuta kiti. "Mashine mliyompa ilizimika siku ya pili, haikuwaka tena. Alimwambia baba yake kwamba hiyo siyo aliyoijaribu. Baba yake akakataa kusikia, kaka yangu hawezi kukiri ameshindwa bei. Mtoto akaja kwangu analia, Jumatatu hasajiliwi. Nikamuuliza, ulipoijaribu ilitoka machoni pako? Akasema ilikwenda nyuma ya pazia. Nikamwambia basi, nimeelewa. Miaka thelathini na mmoja nimezalisha, mwanangu. Kazi yangu ya kwanza haikuwa kukata kitovu. Ilikuwa kuhakikisha mama anaondoka na mtoto wake."

"Na mimi umenijuaje?" Dada aliuliza, ingawa alijua, ili mdogo wake asikie.

"Binti alipekua akakuta michoro, kila mchoro una jina na simu pembeni. Nikasema, mimi sinunui mali ya wizi. Nikapiga. Nikakuta si ya wizi, ni ya nyumbani."

Wakati huo mlango wa mbele uligongwa kwa kishindo, akaingia Shemeji, anahema, mikono amejipaka masizi hadi kwenye viwiko. Hakumwona mtu zaidi ya mkewe.

"Mke wangu," alisema, akapiga magoti, "nisamehe. Mashine yako imeungua. Moto wa umeme! Nimeingia kwenye moto mwenyewe, nikamwokoa shemeji, mashine nikashindwa!"

Dada alimtazama mumewe. Akamtazama mdogo wake.

"Kwa hiyo uliokolewa kwenye moto," alimwuliza Kamusi, "kabla ya majambazi au baada?"

Hukumu ilitolewa mezani pale, na Dada aliiandika kwa kalamu ya kuchorea ramani, kwa mistari iliyonyooka. Bi Harusi ingebaki kwa binti, kwa kuwa ilinunuliwa na risiti yake ilikuwa haina tundu la kupitisha sindano. Michoro Dada alikuwa ameshainakili. Ile bei muuza nyama aliyoipigania ingerudishwa. Dada angenunuliwa mashine mpya na hao waungwana wawili, na angeichagua mwenyewe. Wateja wengine saba wangetafutwa mmoja mmoja, na Shemeji angekesha wikiendi nzima akiwawekea kumbukumbu ya kweli na betri inayoishi.

"Na mapacha watatu waliobaki?" aliuliza Shemeji kwa sauti ndogo.

"Watauzwa," alisema Dada. "Na atawauza huyu."

Jumamosi asubuhi Kamusi alikaa tena kwenye ile meza. Kibao kipya kilikuwa na mwandiko wa dada yake, na Dada mwenyewe alikaa mlangoni na mashine ya kukodi, akimalizia ramani huku sikio moja liko nje. Mkononi Kamusi alipewa karatasi, akaamriwa aisome kwa sauti kwa kila mteja, bila kuongeza wala kupunguza.

"Laptopu hii imetumika ofisini miaka saba," alisoma. "Betri inakaa dakika arobaini. Kumbukumbu ni ndogo. Inatosha kuandika na kusoma, haitoshi michoro. Kitufe cha herufi H kinataka kubonyezwa kwa nguvu. Feni yake ina kelele. Bei ni hii, kwa sababu hizo."

Wazazi watatu walisikiliza. Wakatazamana. Yule wa mbele, mama aliyekuwa akiuliza getini kuhusu mapaja na meza, alishusha pumzi ndefu.

"Wiki nzima nazunguka," alisema, "wewe ndiye mtu wa kwanza kuniambia kitu nikakielewa. Mwanangu anasomea uhazili, kuandika tu. Nifungie hiyo."

Kufikia saa nne zote tatu zilikuwa zimeuzwa, bila chozi, bila marehemu mama, bila hata kupunguziana bei, na nyuma palikuwa na foleni ya watu wanaouliza kama zitaletwa nyingine. Dada aliinua macho kutoka kwenye ramani yake, akamwambia awaandike majina.

Kamusi aliwaandika. Alipomaliza aliingia nyuma ya pazia, akaigeuza ndoo ya shemeji yake, akaikalia. Alifikiria viwanja vya mtoni, na dawa ya nywele, na usiku wote aliokesha akitafuta neno la kumlainisha mtu. Shemeji, bisibisi mdomoni, alimwuliza kama anaumwa.

"Niache," alisema Kamusi. "Nimefiwa."